Mkono Usiotajwa: Mpigaji wa Kukodiwa katika Muziki wa Dansi wa Kongo

Tumezoea, sisi walimu wa Kiswahili, kuuhakiki wimbo kama tunavyolihakiki shairi. Tunayaandika maneno ubaoni, tunawauliza wanafunzi dhamira ni ipi, msanii ametumia tamathali gani, na ujumbe wake unaigusaje jamii. Mwishowe tunauliza: "Wimbo huu ni wa nani?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja, na jina linalotajwa huwa ni la mwimbaji. Hatujapata kumsikia mwanafunzi akilitaja jina la mpiga gitaa. Nasi walimu, tuseme kweli, hatujapata kuliuliza.

Katika makala haya tumeonelea vyema tuliulize. Tunamzungumzia mpigaji wa kukodiwa, yaani yule mwanamuziki ambaye huitwa studio kupiga katika santuri ya mtu mwingine, akalipwa ujira wa siku au wa wimbo, kisha keshoye akapanda basi au ndege kumsindikiza mwimbaji wa pili katika ziara, na mwezi ujao wa tatu. Ni mtu mwenye kazi nyingi na jina dogo. Aghalabu yeye ndiye tunayemcheza pale tunapodhani tunamcheza mwimbaji.

Rai yetu ni hii: hali ya kukodiwa si jambo la pembeni, la kuachiwa wahasibu na mawakili. Hali hiyo huingia ndani ya sanaa yenyewe. Huamua wimbo uanze vipi, uwe mrefu kiasi gani, na maneno yapewe nafasi gani. Mhakiki asiyejua jinsi wimbo ulivyotengenezwa, na nani, na kwa ujira gani, atakosea hata katika kuieleza fani yake. Mifano yetu tumeitoa katika muziki wa dansi wa Kongo, kwa sababu huo ndio uliovuka kila mpaka wa sehemu zetu hizi: Kisangani, Bukavu, Bujumbura, Kigali, Kampala, Dar es Salaam na Nairobi.

Studio za Léopoldville

Hapana shaka kwamba muziki huu ulilelewa na mikono ya kukodiwa. Mwaka 1948 mfanyabiashara wa Kigiriki, Nicolas Jéronimidis, alianzisha kampuni ya santuri ya Ngoma katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Baada yake zikafuata Opika na Loningisa, nazo pia za wafanyabiashara wageni. Kila kampuni ilikuwa na wapigaji wake wa nyumbani, na kazi yao ilikuwa kumsindikiza mtu yeyote aliyeingia mlangoni na wimbo wa kufaa.

Mwaka huohuo wa 1948 Ngoma ilitoa "Marie-Louise", wimbo ambao mpaka leo hujulikana kwa jina la Wendo Kolosoy. Lakini kando ya Wendo alikuwapo Henri Bowane na gitaa lake, na wanahistoria wanapotafuta chimbuko la sebene, ni Bowane wanayemtaja. Sebene ni ile sehemu ambayo maneno hukoma, magitaa yakabaki yanasemezana, na mchezaji akasahau amekuja dansini na nani. Basi tangu mwanzo tunaona jambo la ajabu: sehemu ya wimbo iliyokuja kuutambulisha muziki huu duniani kote ilitokana na msindikizaji.

Tusiharakishe kuulaani mfumo huo. Mpigaji wa studio alifika kazini kila siku, akakuta vyombo, akakuta wenzake, akasikia nyimbo za watu wa makabila na lugha nyingi. Ilikuwa shule. Kutokana na wapigaji wa Opika ilizaliwa African Jazz ya Joseph Kabasele, mwaka 1953. Kutokana na wapigaji wa Loningisa ilizaliwa OK Jazz, Juni 1956, na ndani yake kijana Franco, ambaye aliingia studio hiyo mwaka 1953 kwa mkataba wa miaka 10, naye ana umri wa miaka 15. Mkataba wa miaka 10 kwa mtoto wa miaka 15! Hapo pana shule, na pana kongwa pia. Mambo hayo mawili hayajaachana tangu siku hiyo.

Tutoe mfano mmoja zaidi wa enzi hiyo. Mwanzoni mwa 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara kudai uhuru, Kabasele alikwenda huko na kikundi cha wapigaji, na huko ukatungwa "Indépendance Cha Cha". Wimbo huo ulilizunguka bara zima. Kila mtu huuita wa Kabasele, wala hakosei. Lakini gitaa linalouinua ni la Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, na wawili katika kikundi kile, Vicky Longomba na Brazzos, walikuwa watu wa OK Jazz, walioazimwa kwa safari ile. Wimbo wa uhuru, basi, ulibebwa kwa sehemu na mikono ya kuazima. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1963, Nico na mwimbaji Rochereau waliondoka African Jazz wakaunda African Fiesta. Mkono ulikuwa umekwenda kulitafuta jina lake.

Mwenye vyombo ndiye mwenye neno

Mtu anaweza kusema: kama kukodiwa ni taabu, kwa nini mpigaji asijiunge na bendi akatulia? Jibu ni kwamba katika muziki wetu bendi yenyewe mara nyingi imekuwa aina nyingine ya kukodiwa. Gitaa la umeme, vipaza sauti na mashine zake ni vitu vya fedha nyingi, na mwenye kuvinunua si lazima awe mwanamuziki. Jirani zetu wa Dar es Salaam wana mfano ulio wazi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akajiunga na Super Matimila. Jina hilo la Matimila halikuwa la mpigaji wala la mtunzi, bali la mfanyabiashara aliyevimiliki vyombo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na gitaa la kuazima nalo halimsitiri mpigaji siku mwenye mali anapolitaka.

Hata OK Jazz, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliendeshwa kwa namna hiyo. Katika muongo wake wa mwisho kabla ya Franco kufariki Oktoba 1989, ilikuwa na watu zaidi ya 30, hata ikawezekana sehemu moja isafiri Ulaya na nyingine ibaki Kinshasa. Jina moja lilikuwa mahali pawili. Anayelijua jina la kila mmoja katika wale 30 na zaidi ni nani? Ndiyo maana historia ya bendi hizi ni historia ya kumeguka. Les Mangelepa walijitenga na Baba Gaston mjini Nairobi mwaka 1976, na wako wengi waliofanya vivyo hivyo. Wahakiki wetu wamezoea kuyaita mambo haya ugomvi wa wasanii. Sisi tunayaona kuwa ni swali la kazi: nani anafaidi jasho la nani?

Paris, na wimbo wa saa chache

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapigaji wengi wa Kongo walianza kutawanyika. Mwaka 1978, mjini Abidjan, Sam Mangwana aliunda African All Stars, na miongoni mwa wapigaji wake walikuwamo Lokassa ya Mbongo, Syran Mbenza na Bopol Mansiamina. Baada ya Abidjan njia ilielekea Paris, palipokuwa na studio, watayarishaji na soko. Hapo ndipo mpigaji wa kukodiwa alipopata sura yake kamili. Hakuwa tena mtu wa nyumbani wa kampuni fulani, wala mwajiriwa wa kiongozi wa bendi. Alikuwa kibarua huru: leo studio hii, kesho ile.

Tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo hoja yetu. Mwimbaji, au anayemgharimia, hulipia studio kwa saa. Kwa sababu hiyo kila dakika ni fedha. Mpigaji huletewa kaseti, au husikia wimbo ukiimbwa mara mbili tatu, naye hutakiwa awe tayari. Badala ya mpiga dramu hutegwa mashine ya ngoma, kwa kuwa mashine haichoki wala haiombi nauli. Juu yake huwekwa besi, kisha gitaa la ridhimu, kisha lile la kati liitwalo mi-solo, na mwisho solo. Mara nyingine mtu mmoja hupiga magitaa yote, moja baada ya jingine, akijisindikiza mwenyewe. Hana karatasi ya noti mbele yake: anachokipiga hukitunga papo hapo. Jioni hulipwa mlangoni, na hapo hesabu yake imekwisha. Santuri ikiuzwa nakala mia au laki moja, kwake ni mamoja.

Sasa tutazame athari ya utaratibu huu katika fani. Rumba ya zamani ilianza polepole. Beti zilipewa nafasi, mwimbaji alisimulia kisa chake, na baadaye sana ndipo sebene ilipochemka. Mwaka 1981 Kanda Bongo Man alitoa "Iyole", ambamo solo lilipigwa na Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani. Kanda alikuja kujulikana kwa kuufupisha mwendo wa polepole na kuliachia gitaa nafasi tangu mwanzo. Wengi wameueleza ubunifu huo kwa kutaja mahitaji ya majumba ya dansi ya Ulaya, nao wana haki. Sisi tunaongeza sababu nyingine. Unapokuwa na mpigaji kama Diblo kwa saa chache ulizolipia, utamtumia pale anapowaka zaidi. Beti nne za masimulizi zinahitaji mazoezi ya sauti, nayo mazoezi ni gharama. Sebene inamhitaji mtu mmoja anayejua. Hivyo ndivyo maneno yalivyopungua na gitaa likatawala. Mhakiki anayehesabu maneno tu atasema muziki huu uliporomoka, ilhali utunzi ulihama tu, ukatoka kinywani ukaenda vidoleni.

Hata hivyo uhakiki wa kweli haupambi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 santuri nyingi za Paris zilikuwa zimefanana kama mapacha. Mashine ilikuwa ileile, mikono ileile, na haraka ileile. Mpigaji anayeitwa studio mara nyingi kwa wiki hujiwekea akiba ya vipande ambavyo vidole vyake vinavijua, akavitoa kila anapobanwa na saa. Hatumlaumu kwa hilo, lakini hatuwezi kuliita jambo hilo usanii mkubwa. Ustadi uliotokana na kukodiwa ulianza kuliwa na kukodiwa kwenyewe.

Tunao ushahidi kwamba kosa halikuwa la watu bali la hali. Kikundi cha Kékélé, kilichotoa albamu ya "Rumba Congo" mwaka 2001, kiliwakusanya baadhi ya maveterani haohao wa Paris, wakiwamo Syran Mbenza, Nyboma na Wuta Mayi. Mashine ya ngoma iliwekwa kando, magitaa yasiyo ya umeme yakarudishwa, na mwendo ukatulia. Mikono ileile iliyokuwa ikikimbizana na saa ikawa inatembea. Anayetaka kujua kukodiwa kulimnyima nini mpigaji, na asikilize santuri moja ya haraka ya Syran ya miaka ya 1980, kisha aisikilize hii. Tofauti atakayoisikia ni wakati.

Mcheza kwao hutunzwa

Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka tunaieleza upande mmoja tu: heri ya mtu kufanya mambo yake nyumbani. Upande wa pili ni huu: achezaye kwa watu hatunzwi. Mpigaji wa ziara ndiye huyo. Maisha yake ni vituo vya mabasi, viwanja vya ndege, madirisha ya viza, na vyumba vya hoteli vya watu wawili wawili. Hujifunza nyimbo za mwimbaji mmoja wiki hii na za mwingine wiki ijayo, kila mmoja na sauti yake, hasira zake na namna yake ya kulipa. Nyumbani watoto wanakua bila yeye kuwaona. Akiugua katikati ya ziara, nafasi yake hujazwa kabla kitanda chake hakijapoa.

Liko jambo gumu zaidi ambalo wasikilizaji hawalifikirii. Jukwaani mpigaji huyu hutakiwa aipige sebene kama ilivyo katika santuri, na santuri ile mara nyingi ilipigwa na kibarua mwenzake. Basi anakariri kwa utiifu yale ambayo mwingine aliyatunga ghafla usiku mmoja, na mwimbaji anapigiwa makofi kwa kazi ya wote wawili.

Tusisahau kwamba maisha hayo yana utamu wake pia, kwani bila utamu yasingewavuta watu wenye akili. Manu Dibango wa Douala alijiunga na African Jazz ya Kabasele mwaka 1961 baada ya kukutana naye Brussels, na katika miaka ya 1960 alikodiwa mjini Paris kuwasindikiza waimbaji wa Kifaransa, kama Nino Ferrer. Kwa kupigia watu alijifunza namna za watu wengi, na mwaka 1972 "Soul Makossa" ikampa jina la dunia nzima. Diblo naye alitoka katika kivuli, akaunda Loketo pamoja na Aurlus Mabélé, kisha Matchatcha mwaka 1990. Lokassa, mpigaji wa wengi, aliongoza Soukous Stars. Kibarua ana uhuru ambao mwajiriwa wa bendi hana: akichoshwa na kiongozi, anafunga gitaa lake na kuondoka. Lakini wanaofika ng'ambo ni wachache, na mto una mamba.

Jina na haki

Kwa nini tunalishikilia sana jambo la jina? Msomaji asidhani ni heshima tu. Mkataba wa Roma wa 1961 uliwatambua wapigaji na waimbaji kuwa na haki katika kazi zao zilizorekodiwa, mbali na haki za mtunzi. Ufaransa, ambako santuri nyingi tulizozitaja zilitengenezwa, iliweka haki hizo katika sheria yake ya Julai 1985. Ili mtu adai chochote, hana budi athibitishe kwamba alikuwapo. Jalada la santuri likinyamaza, atathibitisha kwa nini? Mpigaji asiye na jina hakukosa sifa peke yake, amekosa na mkate.

Na wanaoweza kutuambia nani alipiga nini wanazidi kupungua. Docteur Nico alifariki Brussels Septemba 1985, akiwa na umri wa miaka 46. Manu Dibango na Aurlus Mabélé walifariki Machi 2020, siku chache kati yao. Lokassa ya Mbongo, aliyeanza Kinshasa na kupitia Abidjan na Paris, alifariki Marekani Machi 2023. Kila mmoja alikwenda na orodha ambayo haikuandikwa popote.

Hitimisho

Hapa ndipo sisi walimu wa fasihi simulizi tunapohusika, tena si kwa uchache. Karatasi ilinyamaza, lakini mdomo haukunyamaza. Katika santuri za Paris, sebene inapoanza, mwimbaji au mpiga kelele wa bendi mara nyingi humwita mpiga gitaa kwa jina, kama mganwa katika tendi anavyoitwa na manju wake. Katika nyimbo za Kanda anaitwa Diblo. Katika za Soukous Stars anaitwa Dally Kimoko au Lokassa. Watu wa karatasi wameziita sauti hizo mbwembwe za dansi. Kwa maoni yetu ni nisba, na ndizo sahihi pekee ambazo wapigaji wengi waliachiwa. Miaka iliyofuata desturi ya kutaja majina iligeuzwa biashara, hata wenye fedha wakawa wanalipa ili watajwe wao ndani ya wimbo. Kwa hiyo mhakiki hana budi apambanue: lipi ni jina la mwenye mkono, na lipi ni la mwenye mfuko.

Tunapendekeza basi kwamba somo la wimbo lisianze tena na ubao. Lianze na sikio. Wanafunzi wausikilize wimbo wote, sebene ikiwamo, badala ya kuukata pale maneno yanapokwisha. Waambiwe wahesabu magitaa, waeleze lipi linauliza na lipi linajibu, na waandike kila jina wanalolisikia likiitwa. Kisha mwalimu aulize swali lake la zamani, "Wimbo huu ni wa nani?", na asiridhike na jibu moja.

Sisi tumekwisha kulijaribu zoezi hili. Siku ya kwanza darasa lilicheka, likidhani mwalimu ameleta dansi shuleni. Siku ya pili mwanafunzi mmoja wa nyuma aliinua mkono akatuomba turudishe kaseti kidogo, kwa sababu, alisema, kuna mtu ameitwa pale nasi tumempita.